Kinu Kilichokaa Eda

Mkomani, Amu,
Alhamisi, 10 Julai 2025.

Mpendwa ndugu yangu Kamaludin,

Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Naomba barua hii ikukute mzima, wewe na wifi yangu Ghada na mwanetu Faiz, na ile baridi ya Leicester iwe imekuachilia kifua angalau kwa miezi hii ya jua. Je, kikohozi kimekwisha? Mgongo je? Kwenye simu kila nikikuuliza unasema "alhamdulillahi" haraka haraka kama mtu anayefunga mlango, kwa hiyo nakuuliza hapa kwenye karatasi, ukae nalo swali mpaka ulijibu.

Sisi huku hatujambo. Mama anakula, ila anataka mkate wake wa mofa ulowekwe kwenye chai mpaka ulegee. Miguu inamuuma. Macho nitakueleza mbele. Ulimi, mashaallah, haujapungua hata kidogo, na kila baada ya sala ya alasiri anauliza kama umerudi, vile anavyomuulizia Fawaz mwanangu kama amerudi sokoni.

Utashangaa kupokea karatasi kutoka kwangu wakati simu tele. Ndani ya bahasha hii mna kijikaratasi kilichokunjwa, na ndani ya kijikaratasi mna kitu ambacho hakipiti kwenye simu. Nimempa Razan, binti wa jirani yetu anayerudi huko chuoni, akuletee mkononi. Nakuomba kwa haki ya udada wangu usikifungue mpaka umalize kusoma. Nakujua wewe. Ulikuwa unafungua nguo za Idi usiku wa mwezi ishirini na saba halafu unazikunja tena vibaya, na Mama anajifanya haoni. Safari hii jizuie.

Mwezi wa Mei nilipokuambia kuna mtu anataka kununua chuma cha kile kinu cha upepo cha shamba, ulinijibu maneno ambayo mpaka leo hayajanishuka. Ulisema, "Uzeni, Da Huwaida. Mimi ndiye niliyekiua, sitaki kukiona tena." Kisha ukasema unaitwa kazini. Nilibaki na simu sikioni nikitazama ukuta.

Hukukiua, Kamalu. Ndiyo sababu ya barua hii. Lakini nikikuambia hivyo tu utasema dada anakupoza moyo, kwa hiyo niache nikuhadithie taratibu, kwa njia yangu, hata nikizunguka.

Wewe ulizaliwa ukakikuta kimesimama, ukadhani kila shamba duniani lina pangaboi lake. Mimi nakumbuka kilipokuja. Baba alikinunua kikiwa vipande vipande kutoka shamba moja la bara lililokuwa limeachwa na wenyewe, kikavushwa kwa mashua mpaka Kipungani, kisha punda wakakibeba mchangani hadi kwetu. Watu walimcheka. Bwana Abdulhalim amenunua feni, walisema, anataka kupepea minazi. Baba naye alicheka nao, akaendelea kukaza nati. Alipomaliza, mnara ulisimama sawasawa, lakini zilibaki nati mbili kubwa mkononi mwake ambazo mpaka anakufa hakujua zilikuwa za wapi. Zile ndizo tulizokuwa tukipasulia kungu, unakumbuka? Moja ninayo bado, inazuia mlango wa jikoni.

Siku hizi usingizi wa mchana unanipitia bila kuuita, umri huo, na nikipitiwa nalirudia shamba. Naiona ile nyumba ya makuti, na sisi tumelazwa kwenye mkeka, na jua limeshuka upande wa magharibi. Kivuli cha mapanga kinaingia dirishani, kinapita ukutani, kinapita juu ya uso wako, kinapita juu ya wangu, kinatoka. Kinarudi tena. Nje fimbo ya pampu inapanda na kushuka, kiii, tak, kiii, tak, na kila tak maji yanaruka kidogo kwenye bomba. Nikiamka hapa Mkomani huwa nahisi kitu kimenipita usoni sasa hivi, nakipapasa, hamna.

Na Mama alikuwa akivuta uradi wake kwa mlio ule, unakumbuka? Tasbihi ilikuwa imetundikwa msumarini haina kazi. Kila tak, astaghfirullah moja. Upepo wa kusi ukizidi, ulimi wake unakimbia kuufuata, mpaka anacheka peke yake na kusema, "Leo upepo waniharakisha kwa Mola wangu." Upepo ukipoa kati ya uradi, anakaa kimya na mdomo wazi, anangoja.

Maji ya kisima kile yalikuwa matamu kupita ya majirani wote, na sababu Baba alikuwa akiisema kila siku bila kuulizwa: kinu kinanywa kidogo kidogo, kinakiacha kisima kipumue. Akatoa mabomba mawili. Moja la shamba, moja linatoka nje ya ua mpaka kwenye birika la sabili pale njiani, na lile la njiani ndilo lililokuwa likijaa kwanza. Mama alipomlalamikia kwamba ndimu zake zinangoja, Baba alimwambia ndimu hazina safari. Watu wa Kipungani wanaopita na mikeka yao kwenda kuuza Amu walikuwa wakitua pale, wanakunywa kwa kata, wananawa, wanamwombea mwenye maji, wanaendelea na njia yao.

Na kazi yako ulikuwa unaijua. Kila mwaka baada ya Idi unapanda mnarani na kopo la oili limefungwa kiunoni kwa kamba, Baba yuko chini ameshika mkono wa breki na anasoma Ayatul Kursiy kwa sauti, na Mama amekaa amegeukia ukuta mpaka asikie miguu yako chini. Hakuna mwingine aliyeruhusiwa kupanda. Mimi niliomba mara moja, nikaambiwa nguo zangu zitashikwa na mapanga. Nimeshakusamehe kwa hilo, lakini sijasahau.

Ulipoondoka mwaka ule kwenda Uingereza ulimwaga oili mpya kabla ya safari. Baba hakukuzuia. Alikuambia tu kwamba kinu kinakujua mkono. Maneno mepesi, ya mzee anayeaga mwanawe, lakini najua wewe uliyabeba mzigo. Vuli ile ile akafa, pale pale shamba, baada ya sala ya asubuhi, na alasiri tulikuwa tumeshamzika. Hapa kwetu maiti hangoji ndege, na hakuna aliyekungoja wala aliyekulaumu. Ulilia kwenye simu ukauliza habari za kila kitu, hata za kuku, na ukasikia kutoka kwetu kwamba kinu nacho kimesimama. Watu wote matangani walikuwa wakilisema hilo, tena kwa kustaajabu. Kinu kimekufa na mwenyewe, walisema. Nami niliamini. Kila aliyeinua macho aliona mapanga yametulia na upepo unavuma. Wewe ukasikia kitu kingine kabisa: hakuna wa kukipaka oili, kwa hiyo kimekufa.

Tangu hapo hujarudi. Miaka kumi na moja, Kamalu. Kila mwaka una sababu, na kila sababu ni ya kweli, nami sikuulizi.

Basi Mama akamaliza eda yake kule shamba. Wiki ile ya mwisho alishikwa na homa, mvua ilikuwa kubwa, tukamwogesha, tukamvisha, tukampakia mashuani na kumleta mjini hospitali, akalala siku nyingi hajitambui. Alipopona tukamweka hapa kwangu. Barka, yule mtumishi wa Baba, alikuwa ameshakwenda kwao Kiunga kumuuguza mamake, na huko akaoa akabaki. Shamba likabaki la kwenda mara moja moja. Mimea ya kutambaa ikapanda mnara. Fawaz wangu akaleta injini ya kuvuta maji, akapanda matikiti, na mwaka wa kwanza yalikuwa matikiti ya kumwonyesha mgeni. Mwaka wa pili maji yakaanza kuuma ulimini. Injini inavuta kwa pupa, chini maji matamu yanakwisha, chumvi inapanda. Ndimu za Mama zikakauka moja moja. Birika la njiani likakauka pia, maana hata mpita njia aliyekuwa na kiu alikuwa akiyatema.

Haya hatukumweleza Mama yote. Tulimwambia tu kwamba kinu hakizunguki, akasema, "Kina haki. Kimemkosa bwana wake." Akageukia mambo mengine.

Mwezi uliopita, baada ya Idi, ndipo akaja Jabez, yule mnunuzi wa vyuma kutoka Hindi, ng'ambo ya bara, na vijana wake wawili na misumeno. Mtu mzuri, mpole, hana neno. Wewe ulikuwa umeshasema tuuze, mimi nimekubali, Fawaz amekubali. Tulikuwa tunamuaga Mama tu, tukimwambia tunakwenda shamba kuna kazi. Akataka kujua kazi gani. Mimi kudanganya sijui, unanijua uso wangu, ikabidi niseme.

Akasema, "Hamkivundi mpaka nende nikakiage."

Tukamwambia njia mbaya, jua kali, Mama huwezi. Akaanza kuvaa buibui. Basi tukampandisha punda, Fawaz upande mmoja na mimi upande mmoja, na Jabez nyuma na misumeno yake kama mtu anayesindikiza arusi. Mama njia nzima anatucheka. Anasema mara ya mwisho kupanda punda kwa heshima hivi alikuwa bibi arusi, na punda yule alikuwa na adabu kuliko huyu.

Tulipofika alituambia tumsimamishe chini ya mnara. Aliinua uso. Kwa yale macho yake sidhani aliona zaidi ya weusi mbinguni, lakini alitazama muda mrefu sana, na upepo wa kusi ulikuwa unampeperushia buibui. Nilidhani anaomba dua. Kisha akamuuliza Fawaz, "Mkia uko wapi?"

Fawaz akasema mkia upo, ila umekunjwa, umelala ubavuni mwa mapanga.

"Umekunjwa?"

"Ndiyo, Bibi. Umekunjwa hivi."

Mama akanigeukia mimi. "Huwaida, eda ya kinu, nani aloifungua?"

Sikumwelewa. Nilidhani jua limempata kichwani. Akauliza tena, kwa ukali sasa, kama tulivyokuwa watoto na sahani imevunjika: nani alokifungua? Nikamwambia, Mama, kilifungwa lini?

Hapo akakaa chini mchangani, akashika kichwa, akaanza kucheka. Alicheka mpaka machozi yakamtoka, na sijui yalikuwa machozi gani.

Unakumbuka desturi ya nyumba yetu. Sijui kama majirani wanayo, lakini kwetu imekuwapo. Mke akifiwa, chombo cha kazi cha mumewe kinafungwa kwa kipande cha leso yake, nacho kinakaa eda pamoja naye. Eda ikiisha, mtoto wa kiume anakifungua, na kazi inaendelea. Bibi alilifunga tezo la Babu, na Baba ndiye aliyelifungua, tulihadithiwa hayo tangu wadogo. Alipokufa Baba mimi hata sikuwaza. Nilijiambia Baba alikuwa mtu wa shamba, ana chombo gani? Panga lilikuwa limetundikwa ukutani halina kitu, nikajua Mama hakufunga chochote kwa huzuni.

Kumbe siku ile ile ya maziko, kabla hajaingia ndani kukaa eda yake, Mama alimwita Barka akamwambia akikunje kinu mkia kisifuate upepo, avute mkono wa breki mpaka chini, aufunge. Akararua leso aliyokuwa amejitanda, akampa kipande. Barka akafunga kwa kile kipande, juu yake akazungusha waya, na kwa vile ni mtu wa Kiunga asiyeamini kitu kisichopakwa sifa, yale mafuta ya papa ya kupaka mashua, akakipaka hiyo ili mvua isikile. Sisi tulipofika kutoka mjini tulikikuta kimetulia. Mama aliingia chumbani kwake, dirisha linatazama upande mwingine. Eda ilipoisha alikuwa na homa, akaamini wana wake wamekifungua. Na sisi wana wake tuliamini hakuna kilichofungwa. Alipoambiwa hakizunguki alidhani kimefunguliwa kikakataa.

Kwa hiyo, ndugu yangu, hakikuharibika. Hakikukosa oili yako. Kilikuwa kinakaa eda, nasi tukakisahau humo.

Fawaz na Jabez waliikata ile mimea wakaukuta mkono wa breki umelala chini, na waya umeshika kutu. Fawaz akapiga simu Kiunga. Barka alipoelewa anaulizwa nini alipiga ukelele tukausikia sote. "Mpaka leo? Subhanallah! Bi Mardhiya aliniambia nisikiguse, mwanawe atakuya kukifungua!"

Jabez alitoa kisu. Mama akamwambia, "Kisu weka, mwanangu. Eda haikatwi." Akataka upigiwe simu wewe, ili ufungue kwa kauli yako kwanza. Tulikupigia, Kamalu. Simu ililia sana, sisi tumeizunguka kama watu wanaoota moto. Najua saa zile ulikuwa kazini, nami sikutaka kuandika ujumbe, maana ningeandika nini? Mama alingoja mpaka simu ikanyamaza yenyewe. Kisha akasema, "Basi ntaanza mimi. Yeye atamalizia."

Fawaz akaulegeza waya kwa koleo. Fundo la leso akalifungua Mama mwenyewe kwa kucha zake, kwa kupapasa, na alichukua muda. Hakuna aliyethubutu kumsaidia. Likafunguka, na mkono wa breki ukaruka juu kwa kishindo tukarudi nyuma sote, na kule juu mkia ukalia, ukatoka ubavuni polepole, na mapanga yakaanza kugeuka kuutafuta upepo. Yaligeuka nusu yakakwama. Yakatetemeka. Kutu ikatumwagikia vichwani. Mimi nilikuwa nimeshika mkono wa Jabez bila kujua, na yeye kwa adabu akaniachia tu.

Kisha yakazunguka.

Nililia kama mtoto. Kivuli kilikuja kikapita juu ya uso wa Mama, kikarudi, na yeye alikuwa amefumba macho.

Maji hayakutoka siku ile, usidhani ni muujiza. Ngozi za pampu zilikuwa zimekauka kama makubadhi yaliyotupwa juu ya paa. Ilibidi tumtafute Hussam, fundi wa ngozi wa Siyu, akakata nyingine, akaziloweka kwenye mafuta ya simsim. Fawaz akapanda na oili. Ndiyo, amepanda, na mimi nilikaa nimegeukia ukuta kama Mama, nimejua sasa ilivyokuwa inauma. Mama alikataa kurudi mjini. Tulilala naye kule juma zima kwenye ile nyumba inayovuja, akala samaki wa kuchoma, akasema usingizi wake umerudi.

Siku ya nne fimbo ilikuwa inapanda na kushuka kavu, kiii, tak, kiii, tak, na Mama yuko kwenye kiti kando ya birika la njiani na vidole vyake mdomoni mwa bomba. Mara akapiga kelele, "Mai! Mai yaya!" Yalitoka mekundu, kisha ya rangi ya chai, kisha meupe. Yana chumvi kidogo bado, mwishoni, ukishameza. Hussam anasema mvua moja kubwa na injini isiwashwe, yatarudi. Injini yenyewe haipo tena. Jabez hakutaka kurudi mikono mitupu, akaichukua hiyo, na misumeno yake ikarudi haijaguswa.

Mtu wa kwanza kunywa pale njiani alikuwa mwanamke wa Kipungani mwenye mikeka kichwani. Hakutujua. Alitua mzigo, akanywa, akainua mikono akasema, "Mwenyezi Mungu amrehemu mwenye maji haya." Mama aliitikia "amin" kutoka kwenye kiti chake kama vile anayeombewa ni mtu mwingine.

Sasa nikuambie habari ya macho, niliyoikwepa pale mwanzo. Daktari amesema jicho la kushoto limekwisha, na la kulia halitakaa sana. Anaona mwanga, anaona rangi kali, anaona mtu akisogea karibu kabisa. Faiz hajawahi kumwona. Wewe amekusahau uso, anauliza kama bado huna ndevu.

Nisalimie Ghada sana, mwambie ukwaju na pilipili alizoomba ziko kwa Razan, azidai. Mbusu Faiz mashavu yote mawili. Fawaz anakusalimu na anasema mnara unatikisika kidogo upande wa kaskazini, anashuku ni zile nati mbili. Barka kutoka Kiunga anakusalimu na anaomba radhi, ingawa hana kosa. Mwenyezi Mungu akuhifadhi ugenini, akupanulie riziki, atukutanishe kabla hatujaanza kutembeleana makaburini.

Haya, sasa fungua kile kijikaratasi. Najua ulishakifungua tangu ukurasa wa kwanza, lakini kishike tena. Harufu hiyo ni sifa, usimwambie Ghada akifue. Rangi imekwenda isipokuwa wekundu kidogo pale palipokuwa ndani ya fundo. Leso yenyewe Mama ameitunza sandukuni miaka yote hii, ina pengo pembeni. Juzi aliitoa, akalipapasa pengo, akakipapasa kipande, akaniambia nikitie kwenye bahasha. Nikamwambia, Mama, kipande hiki kikipotea njiani? Akasema hakipotei. Maneno yake nakuandikia kama alivyoyatamka:

"Mwambie Kamalu eda imekwisha. Kipande hicho akilete mwenyewe, niungie leso yangu kwa mkono wangu, maadamu jicho bado laona tundu la sindano."

Dada yako akupendaye, niliye pwani hii hii uliyoniacha,

Huwaida